Fundi Akipanda Kukagua Paa Lako, Tegemea Haya

Karibuni tena. Machi ndiyo hiyo, masika yanakaribia, na mafundi wa paa sasa hivi hawashikiki. Leo tunaangalia ukaguzi wa paa la bati unavyotakiwa kwenda, ujue kama fundi wako anakagua au anatafuta kazi. Tupo Kigamboni, paa ni bati la migongo midogo, na upepo wa bahari unalipiga mwaka mzima.

Kabla ngazi haijasimama, malizaneni hela ya ukaguzi. Iwe inajitegemea, alipwe hata kama hakuna cha kurekebisha. Mie ukaguzi wa bure nauogopa: aliyepanda bure lazima ashuke na kitu.

Hatua ya kwanza ni ndani, siyo juu. Fundi aombe kuingia darini na tochi. Oneni doa hili la maji, lipo katikati ya sebule. Sasa fuata kamera huku juu: maji yameingia kule karibu na kofia, lile bati linalofunika kilele cha paa, yakatembea juu ya papi, zile mbao bati linapopigiliwa, ndipo yakadondokea hapa. Kwa hiyo anayesimama sebuleni, akatazama doa na kusema "mabati yote yameisha", bado hajakagua kitu. Humo humo darini achome kenchi, zile mbao zinazobeba paa, kwa bisibisi. Ikizama kama kwenye muhogo uliochemshwa, mbao imeoza au mchwa wameshapita. Halafu azime tochi. Matundu yatajionesha yenyewe kwa mwanga wa jua.

Hatua ya pili, apande. Akanyage kwenye mstari wa misumari, maana chini yake kuna papi. Akikanyaga katikati, bati linabonyea na maji yatatuama hapo. Na kabla hajagusa chochote, apige picha. Wapo wanaolegeza msumari kwanza, picha baadaye. Akirekodi video tangu anapanda, bora zaidi.

Sogeza kamera kwenye msumari huu. Kichwa kimeinuka milimita chache, mpira wake umekauka na kupasuka. Bati hutanuka juani na kusinyaa usiku, kila siku ya Mungu, mpaka msumari unajitoa wenyewe. Dawa yake ni skrubu yenye mpira, nene kuliko tundu la zamani. Sasa hapo mtu akikuuzia paa jipya, anakuuzia paa kwa tatizo la misumari.

Kutu nayo ina daraja zake. Hii ya juu juu inasuguliwa kwa brashi ya waya, inapakwa rangi ya kuzuia kutu. Hii nyingine imetoboa, bati hilo linatoka. Hilo, siyo jirani yake. Huku pwani aangalie zaidi bati linapolaliana na lenzake, na ncha za chini ya upenu: chumvi inakaa hapo na mvua haifiki kuiosha. Gata, fishabodi (ule ubao wa ukingoni mwa paa) na pale paa linapokutana na ukuta avipitie vyote, havichukui muda.

Kama chanzo bado hakijajulikana, lete mpira wa maji. Mmoja abaki darini, mwingine amwage kuanzia chini akipanda taratibu. Ukianzia juu, maji yatapita matundu yote na hutajua lipi ndilo.

Mwisho akutumie WhatsApp picha, kila moja na mahali pake: hili la sasa hivi, hili linaweza kusubiri, hili zima. Kama kuna bati la kubadilisha, aandike geji, yaani namba ya unene wake. Wengi wanapigwa hapa: geji 28 ni nene kuliko 30, na 30 ni nene kuliko 32. Namba ikipanda, bati linakuwa jembamba.

Na akikwambia, "Bosi, hapa hamna kazi, tuonane baada ya masika," mlipe hela yake ya ukaguzi na uihifadhi namba yake.