Paka wa Sterman na Taya la Kondakta

Wazee wangu, mama zangu, shikamooni. Vijana, mambo vipi. Najua swali mlilokuja nalo: "Mwalimu, ile kofia ya nyaya inatibu hasira?" Nimeulizwa Himo, nimeulizwa Arusha, leo naulizwa hapa Moshi. Kofia hiyo husoma umeme wa ubongo na kukuonyesha kwenye skrini, ili ujifunze kuubadili mwenyewe. Subirini kwanza. Tuanze na paka.

Ndiyo, paka! Miaka ya 1960 kule Los Angeles, mtafiti wa ubongo Barry Sterman aliwafunza paka kutoa wimbi fulani la ubongo, mizunguko kama 12 hadi 15 kwa sekunde. Paka akilitoa, anapata maziwa na mchuzi. Wimbi lenyewe hutokea mwili ukiwa umetulia huku macho yakiwa kazini, kama paka anayemvizia panya ghalani. Baadaye Sterman akapewa kazi nyingine kabisa, kuchunguza mafuta ya roketi ambayo sumu yake huleta degedege. Akatumia paka, na baadhi yao ni walewale waliofunzwa. Hao wakachelewa kushikwa kuliko wenzao, wengine hawakushikwa kabisa. Mtu asiniambie walijipa moyo! Paka hajui kama anatibiwa, wala hakulipa hela akaona aibu kusema hajapona.

Binadamu sasa. Kondakta mmoja aliletwa kwangu na mkewe, kila siku ngumi stendi. Nikampaka jeli, nikambandika kichwani vihisio vya kusoma umeme wa ubongo, nikamwambia mstari kwenye skrini ukishuka taa ya kijani itawaka. Kisha nikamkumbusha abiria aliyeteremka bila kulipa. Mstari ukaruka mpaka juu ya skrini. Mke akadakia, "Hasira hiyo, umeiona?" Nikamwambia mama, hilo ni taya, kasaga meno. Umeme wa ubongo ukifika ngozini ni wa kupimwa kwa sehemu za milioni ya volti. Misuli ya taya inaufunika kama spika za harusini zinavyomfunika anayenong'ona. Jamaa akalegeza taya, taa ikawaka, akacheka kama mtoto.

Mzee pale anasema, "Si amepoa?" Amepoa, sikatai. Ila tulichofunza ni taya, na taya halidai mashine.

Mwaka 2017 Wajerumani walichapisha jaribio kwa watu wazima wenye tatizo la kutotulia na kukosa umakini. Wengine walionyeshwa mawimbi ya kweli ya ubongo wao, wengine ya uongo. Wote wakapata nafuu, na walioonyeshwa ya kweli hawakuwashinda walioonyeshwa ya uongo. Basi anayekuuzia kofia muulize: ukiniwekea mawimbi ya jirani yangu, nitajuaje?

Kuna wanaoifunza amigdala, sehemu ya ubongo inayohusika na hofu na hasira, mtu akiwa ndani ya MRI, mashine ya kupiga picha za ndani ya mwili. Hiyo nina matumaini nayo, ila tuiache. Mwenyekiti ananionyesha saa.

Mama mwenye rasta, usiondoke. Kofia hizi hazikushonwa kwa kufikiria kichwa chako. Njoo tuone kama kihisio kitafika kwenye ngozi.