Nilikuwa Pale Katikati: Mazungumzo ya Jumamosi katika Ukumbi wa Kaloleni, Nairobi

Hamjambo wazazi wangu? Vijana, mko? Nyinyi wa nyuma songeni mbele, viti vipo, na leo hakuna mchango utakaopitishwa. (Kicheko.)

Mwenyekiti aliponipigia simu akasema njoo utuzungumzie maisha ya kiungo katika soka ya kulipwa, nilimwambia atafute straika. Straika ana hadithi. Namba sita, yule kiungo mkabaji, ukimuuliza jana ulifanya nini uwanjani, atakuambia, "Nilikuwa pale katikati." Basi, hadithi imeisha. Lakini nimekuja, kwa sababu kutoka mlango wa ukumbi huu hadi Muthurwa ni mwendo wa mguu, na kwenye zile nyumba za reli ndiko walikolelewa McDonald Mariga na mdogo wake Victor Wanyama. Sijui viungo wengine Wakenya waliofika pale walipofika hao wawili. Baba yao, Noah Wanyama, alichezea AFC Leopards. Watu wa Gor Mahia mtanisamehe, damu ni ya Ingwe, yaani Leopards.

Kabla sijaendelea, naomba kijana mmoja. Wewe wa fulana ya bluu, njoo. Simama hapa, wape watu mgongo. Nakupigia pasi, wewe pokea tu. Haya. Vizuri sana, umeutuliza kwa ndani ya mguu, mpira haujaruka hata kidogo. Sasa usigeuke. Yule aliyekaa katikati ya safu ya kwanza, nyuma yako, amevaa nini?

(Kimya. Kijana anacheka.)

Hajui. Na amepokea mpira vizuri kuliko mimi. Nenda ukae, nitakuita tena.

Hilo ndilo nimekuja kulisema, na mengine yote nitakayosema ni kulizungukia. Kiungo hulipwa kwa kile alichokiona kabla mpira haujamfikia. Miguu inafuata baadaye. Mnajua makanga wa matatu? Sifa za mwendo anapewa dereva. Lakini makanga, akiwa ananing'inia mlangoni, anajua nani hajalipa, nani anashuka Burma, askari wamesimama wapi, na gari la nyuma linataka kumpita upande gani. Yote kwa wakati mmoja, na huku anarudisha chenji. Namba sita ni makanga.

Sasa kwa nini watoto wetu wa Eastlands wana miguu ya ajabu lakini hawainui kichwa? Mimi nawalaumu mawe. Tulianza na mpira wa juala, ambao haudundi, unakaa chini, unakufunza kugusa. (Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku mwaka 2017 hata juala limekuwa adimu, lakini hiyo ni mada ya siku nyingine.) Halafu unapandishwa kwenye mpira wa kweli, uwanja wa murram. Pasi inakuja chini kwa chini, inagonga kokoto futi mbili kutoka kwako, inakurukia kwenye goti. Ukiangalia nyuma mpira umekuponyoka. Ukikuponyoka mara mbili kocha anakutoa. Kwa hiyo mtoto anajifunza kukodolea mpira macho, na anaendelea hivyo hadi ana miaka kumi na minane. Kisha anakwenda majaribio Ulaya kwenye nyasi laini kama zulia, bado anaangalia chini, wanamrudisha nyumbani wakisema ana kipaji lakini ni mzito. Si mzito. Anasubiri kokoto.

Wanyama aliondoka mapema. Mwaka 2007, hajafikisha hata miaka kumi na sita, alikuwa ameshavaa jezi ya Harambee Stars, timu yetu ya taifa, na mwaka huohuo akaenda Helsingborg, Sweden, ambako kaka yake alikuwa akicheza. Mwaka uliofuata akahamia Beerschot, mjini Antwerp, Ubelgiji, akakaa huko miaka mitatu. Hiyo miaka mitatu hatuizungumzi kabisa, na ndiyo iliyomtengeneza. Nani kati yenu alitazama mechi moja ya Beerschot? Hata mimi sikutazama. Tulianza kumtambua pale Celtic ya Scotland walipomnunua mwaka 2011, kwa takriban pauni 900,000.

Halafu Novemba 7, 2012. Celtic na Barcelona, Ligi ya Mabingwa, kule Glasgow. Kwa saa zetu mechi ilianza saa tano kasorobo usiku. Nilikuwa kwenye kibanda kimoja cha kuonyesha mpira huku Makongeni, tumebanana, mtu ameniegemea mgongoni nasikia moyo wake unavyopiga. Dakika ya 21, mwenzake Mulgrew anapiga kona, na kijana wa Muthurwa anapanda juu ya watu, kichwa, bao. Kile kibanda nusura kianguke. Celtic wakashinda 2-1. Mgongoni alivaa namba 67, kuukumbuka mwaka 1967 ambapo klabu hiyo ilichukua Kombe la Ulaya.

Sasa niwaambie jambo. Bao lile tumelitazama mara elfu. Lakini Barcelona usiku ule walishika mpira zaidi ya asilimia 80 ya mchezo. Piga hesabu. Maana yake karibu kazi yote aliyofanya Wanyama aliifanya mpira ukiwa kwa wengine: hatua mbili kushoto, hatua tatu kurudi, kusimama kwenye njia ya pasi ili pasi yenyewe isipigwe. Pasi isiyopigwa haiingii kwenye takwimu, wala hakuna atakayeikata vipande akutumie kwa WhatsApp. Makocha waliiona. Mwaka uliofuata Southampton walitoa pauni milioni 12.5, pesa ambayo hakuna klabu ya Scotland iliyowahi kulipwa kwa mchezaji mmoja hadi siku ile, na akawa Mkenya wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza. Hawakununua kichwa cha kona tu: mabeki warefu walikuwepo wengi sokoni, warukaji wa kona pia.

Hapo kwenye pesa nisimame kidogo, kwa ajili ya wenye timu za mtaani, maana nimewaona pale upande wa kulia. Sheria ya FIFA inasema mchezaji akiuzwa kutoka nchi moja ya soka kwenda nyingine, asilimia 5 ya bei inagawiwa klabu zilizomfunza kuanzia umri wa miaka 12 hadi 23. Inaitwa mchango wa mshikamano. Miaka minne ya kwanza, kila mwaka ni robo ya asilimia moja; baada ya hapo, nusu asilimia kwa kila mwaka. Kwa bei kama ile ya milioni 12.5, mwaka mmoja tu wa kumfunza mtoto wa miaka kumi na minne ni pauni 31,250. Zigeuze kwa shilingi ukiwa umekaa chini. Lakini huo mwaka lazima uwe umeandikwa. Mtoto awe amesajiliwa, kwa shirikisho, kwa jina lake halisi na tarehe yake halisi ya kuzaliwa. Nimeingia ofisi za timu hapa Nairobi nikaomba orodha ya vijana wa mwaka juzi nikaonyeshwa kalenda ya ukutani iliyoandikwa majina kwa nyuma. Mengine ni majina ya utani. "Kadenge Mdogo." FIFA watamlipa Kadenge Mdogo vipi? (Kicheko.)

Na kuna mlango mwingine ambao mchezaji haufungui peke yake. Januari 2010 Manchester City walimtaka Mariga. Kila kitu tayari, kibali cha kazi kikakwama. Uingereza wakati huo walitaka uwe umetoka nchi iliyo ndani ya 70 bora za FIFA, na uwe umeichezea robo tatu ya mechi zake. Kenya tulikuwa mbali huko chini. Hata waziri mkuu wetu wa wakati ule alipiga simu. Haikusaidia kwa wakati, Mariga akaenda Inter Milan, na miezi michache baadaye akawa na medali ya Ligi ya Mabingwa, kwa hiyo tusimlilie sana. Lakini oneni: kiungo amefanya kazi yake, na mlango umefungwa na matokeo ya timu ya taifa, katika mechi ambazo nyingine hata hakucheza.

Sitamfanya Wanyama malaika. Msimu wa 2015-16 alionyeshwa kadi nyekundu mara tatu katika ligi. Tatu! Namba sita anayechelewa nusu sekunde anafika kwenye mguu badala ya mpira, hakuna siri hapo. Lakini kocha Pochettino, aliyekuwa amemfundisha Southampton, alimfuata akiwa Tottenham, yaani Spurs, kiangazi kilichofuata, na msimu wa 2016-17 Wanyama akacheza mechi 36 kati ya 38 za ligi. Spurs wakamaliza wa pili. Siku ya mwisho kabisa ya uwanja wa White Hart Lane, dhidi ya Manchester United, bao la kwanza lilikuwa lake, kwa kichwa tena. Mwaka huohuo alipotembelea Dar es Salaam wakampa mtaa huko Ubungo uitwe jina lake. Kibao kiling'olewa upesi, taratibu hazikufuatwa, lakini watani wetu walijaribu.

Kisha goti. Agosti 2017.

Wazazi, hapa nisikilizeni kwa makini, maana hapa nazungumza na mwili wangu. Mimi nilichezea timu moja ya ligi ya chini, siitaji kwa sababu baadhi yenu mko humu. Nilikanyaga shimo, goti likajipinda, jioni likawa limevimba kama embe. Hatukuwa na daktari. Meneja alinipa shilingi mia moja niende Gikomba kwa wauza samaki ninunue barafu. Nilikaa na mguu ndani ya ndoo, barafu inanuka ngege, mama ananiuliza leo tunapika nini. Jumamosi nikafungwa bandeji nikaingizwa. Sijui kama ni dakika ya ishirini au thelathini, nilisikia mlio, mdogo tu, kama kijiti cha kiberiti kikivunjika. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Tangu siku hiyo mimi ni kocha.

Wanyama alikuwa na madaktari, mashine, bwawa la kuogelea, kila kitu, na bado goti lilimnyang'anya ile nusu sekunde. Alirudi. Februari 2018, Anfield, Liverpool wanaongoza 1-0, anaingia kutoka benchi, na hata jasho halijamtoka, kipa anaupiga ngumi mpira, unatoka nje ya boksi. Nani yuko pale? Aliugonga bila kuutuliza, ukaenda juu ya pembe kama umefungwa kamba. Lilichaguliwa bao la mwezi. Watu wanasema shuti, shuti. Mimi nauliza: kwa nini alikuwa amesimama pale? Mwaka 2014 dhidi ya Hull ilikuwa hivyohivyo, kipa alitoka akaubutua mpira, na mtu aliyekuwa amesimama mahali pake akaurudisha wavuni kutoka mbali, goli tupu. Nilikuwa pale katikati.

Lakini hakupata tena msimu mzima. Na hapa kuna uchungu wa kazi hii. Mei 8, 2019, Amsterdam, nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa na Ajax. Wanyama ameanza. Mapumziko Spurs wako nyuma 2-0. Timu ikitafuta mabao, anayetolewa ni nani? Namba sita. Akatoka, akaingia Llorente, mshambuliaji mrefu, na Lucas Moura akafunga matatu, Spurs hao fainali. Furaha kubwa, na yeye ameitazama akiwa amevaa koti. Fainali yenyewe kule Madrid hakuingia. Wiki chache baadaye alikuwa Cairo, nahodha wa Kenya kwenye Kombe la Afrika, kundi moja na Algeria na Senegal, ambao ndio waliokuja kukutana fainali. Tuliwafunga Tanzania 3-2 tukarudi nyumbani. Na sisi kwenye viti, hapa Nairobi, miaka yote tulikuwa tunampigia kelele gani? "Piga, Wanyama! Piga!" Tuna namba sita wa kiwango kile tunataka awe straika. Nilipiga kelele hizo pia, Kasarani, na mimi ndiye ninayejiita mwalimu.

Mwaka 2020 akaenda Montreal, Kanada, kocha akiwa Thierry Henry. Septemba 2021 akaiaga timu ya taifa.

Muda umeniishia, naona mwenyekiti anaangalia saa. Maswali tutayachukulia nje, kwenye chai.

Kijana wa bluu, njoo umalizie kazi. Simama vilevile, mgongo kwa watu. Napiga pasi... ngoja, ameangalia. Ameangalia tena! Mmeona? Bega la kushoto, bega la kulia. Haya, pokea. Usigeuke. Safu ya kwanza, katikati?

"Mama, leso nyekundu."

Na kulia kwake?

"Mzee mwenye kofia, kocha. Amelala."

(Kicheko kirefu.)