Lupu ya kukata mistari, na risiti iliyokataa kunyamaza

Haya ni maongezi niliyofanya na vijana hapa Mwanga, Kigoma, kuhusu kuandika programu ya kuprinti risiti. Kuna mdogo wangu alirekodi kwa simu, nami nimeyaandika kama yalivyotoka, nimepunguza tu kelele za bodaboda.

Habari za mchana jamani. Shikamooni wakubwa, nawaona wawili watatu huko nyuma, karibuni sana. Mlio mlangoni ingieni viti bado vipo, na huyo anayechaji simu kwenye eksteni ya mbele naomba achomoe kwanza, maana hapo tunachomeka printa na leo printa ndo mgeni rasmi.

Nianze na hiki kikaratasi, kipitisheni kila mtu akione. Ni risiti ya duka la dagaa, ya kwanza kabisa kutoka kwenye programu niliyoandika mwenyewe. Someni pale juu. Imeandika DAGAA WAKAVU WA KIGOMA WALIOCHAM, af mstari wa chini yake BULIWA. Waliocham. Buliwa. Mteja wa kwanza aliyeipokea akaniuliza kaka hawa buliwa ni samaki gani, mi nawajua migebuka na kuhe, buliwa sijawahi kuwasikia ziwani kwetu.

Sasa kwa nini ilikatika pale? Ile karatasi nyembamba ya risiti ina upana wa milimita 58, na kichwa cha printa za aina hiyo kwa kawaida kina vidoti 384 kwa upana, herufi ya kawaida inakula vidoti 12, gawanyeni wenyewe, 384 kwa 12 mnapata 32. Kwa hiyo mstari mmoja ni herufi 32, na nafasi tupu kati ya neno na neno nayo inahesabiwa herufi, hapo ndo wengi wanapojisahau. Ile karatasi pana ya milimita 80 inaingiza 48 kwa hesabu hiyo hiyo. Leo tunaongelea 32.

Nikasema rahisi tu, naandika lupu, yaani maagizo ambayo kompyuta inayarudia rudia, inapita herufi moja moja, kila ikifika 32 inapiga enta, yaani inaanza mstari mpya. Hii hapa, nimeiandika kwa Python, lugha mojawapo ya kuandikia programu, lakini kwa lugha yoyote sura ni hiyo hiyo:

    matokeo = ""
    for i in range(len(maneno)):
        if i % 32 == 0:
            matokeo += "\n"
        matokeo += maneno[i]

Ile alama ya asilimia hapo siyo asilimia, inatoa baki. i ukiigawa kwa 32 inabaki ngapi? Ikibaki sifuri maana yake tumefika kwenye zamu, piga enta. Na hiyo \n ndo enta yenyewe, ndani ya kompyuta ni namba 10 tu. Nimeiangalia nikaona safi kabisa. Nikairun, kitu cha kwanza kutoka ni mstari mtupu. Nani anajua kwa nini? ... Eeh, mdogo wangu kapatia, kompyuta inaanza kuhesabu sifuri, na sifuri ukiigawa kwa 32 baki ni sifuri, kwa hiyo enta inapigwa kabla hata herufi ya kwanza haijaandikwa. Dawa yake unaandika if i > 0 and i % 32 == 0, kwisha. Kuna wanaotumia i+1 na kuweka enta baada ya herufi, nayo inafanya kazi, ila maneno yakiwa na herufi 64 kamili utapata enta ya ziada mwishoni haina mwenyewe.

Lakini subirini nikwambieni kilichoniuma. Baada ya kurekebisha hiyo, nikazima lupu yangu nijaribu kuprinti bila lupu kabisa. Ikatoka vile vile! Waliocham, buliwa. Kumbe printa ikijaza mstari inashuka yenyewe. Usiku kucha nimekesha naandika kazi ambayo kale kaprinta kanaifanya bure.

Hapo ndo nikakaa chini nikajiuliza hii lupu inahesabu nini hasa, na inaanza kuhesabu kutoka wapi. Mkiondoka leo na hayo maswali mawili mengine yote mtayapata gugo.

Tuanze na la kutoka wapi. Kuna njia ya wavivu, nami niliipita, badala ya kujenga maandishi mapya unachomeka enta humo humo kwenye maandishi ya zamani, pale 32, af pale 64, af 96. Mstari wa kwanza unatoka herufi 32. Wa pili unatoka 31. Wa tatu 31. Kwa nini? Kwa sababu ile enta ya kwanza uliyochomeka nayo imekaa kwenye foleni, imesukuma wenzake wote hatua moja mbele, wewe bado unahesabu kama vile hakuna aliyeingia. Na kama faili lako ni la mtindo wa Windows ambako enta moja ni vitu viwili, namba 13 na namba 10, mistari inatoka 30. Hiyo 13 ni masalia ya mashine za zamani za kuandikia ambazo kurudisha kichwa mwanzo wa mstari na kushusha karatasi zilikuwa kazi mbili tofauti, mashine zimekufa ila namba yao tunaibeba mpaka leo. Ukilazimika kuchomeka humo humo basi anzia mwisho urudi nyuma, chomeka 96 kwanza, af 64, af 32, hapo unayemsukuma ni yule uliyekwisha malizana naye.

Swali la pili, inahesabu nini. Wazee mnaikumbuka Liemba. Meli ile ilijengwa Ujerumani 1913 ikafunguliwa vipande vipande, ikaletwa kwenye masanduku na kuunganishwa hapa hapa Kigoma, ila siyo hiyo stori ninayoitaka. Ninayoitaka ni ile ya vijiji vya kusini ambako hapakuwa na gati, meli ilikuwa inasimama majini mitumbwi inakuja kuchukua watu. Sasa mtumbwi unabeba watu 32 tuseme. Mwenye mtumbwi hahesabu mpaka 32 akakata tu, mama akabaki juu ya meli na mtoto yuko chini kwenye mtumbwi, watu watamtupa ziwani. Anachofanya anaangalia familia inayofuata, wako wangapi, wanaenea? Wanaenea, shukeni. Hawaenei, nyie subirini mtumbwi unaofuata, tena mtumbwi unaofuata anaanza kuhesabu moja, haendelei thelathini na ngapi. Neno ndo familia. Herufi ni watu. Mstari ni mtumbwi.

Mama yangu mdogo alikuwa karani enzi za taipureta, aliniambia mashine ilikuwa inapiga kengele ukikaribia ukingo wa karatasi, siyo ukifika, ukikaribia. Ting! Hapo karani anaamua mwenyewe, neno hili namalizia au nasukuma mkono niende mstari mpya. Kengele inahesabu, karani ndo anaamua. Lupu yangu ilikuwa na kengele haina karani.

Basi nikaandika ya pili, hii ina karani:

    while len(maneno) > 32:
        kata = maneno.rfind(" ", 0, 33)
        print(maneno[:kata])
        maneno = maneno[kata+1:]
    print(maneno)

Inasema hivi, maadamu maneno yaliyobaki yamezidi 32, tafuta nafasi tupu ya mwisho kwa kurudi nyuma, hiyo ndo kazi ya rfind, printi mpaka hapo, af maneno yaliyobaki ndo yawe maneno. Mmeona uzuri wake? Maneno yenyewe yanafupishwa kila mzunguko, kwa hiyo kila mstari unaanza kuhesabiwa sifuri bila wewe kukumbuka chochote. Ningeendelea na ile hesabu ya 32 na 64 kutoka mwanzo wa maandishi yote ningeumia, maana mstari wa kwanza ukikatwa baada ya KIGOMA, hapo ni herufi 22 na nafasi yake 23, mstari wa pili ungejinyoosha kutoka 23 mpaka 64, hizo ni 41, printa inashika 32, buliwa wanarudi.

Kuna mtu hapa ananiuliza mbona 33 na siyo 32. Hesabuni na mimi hii, DAGAA WAKAVU WA KIGOMA DEBE MOJA. Hesabuni kwa vidole. Ngapi? 32 kamili, inaenea kwenye mstari bila kubaki hata kidoti, na nafasi tupu inayofuata iko kwenye kiti namba 32 ukianzia sifuri. rfind haiangalii kiti cha mwisho ulichotaja, inaishia kabla yake. Ukiandika 32 haitaiona hiyo nafasi, itarudi nyuma mpaka kabla ya MOJA, na MOJA atashushwa wakati kiti chake kipo.

Sasa ile lupu nikaipenda, nikaipeleka dukani. Imefanya kazi siku mbili tatu hivi vizuri tu. Mwenye duka, mama mmoja mcheshi sana, akaniambia mwanangu risiti yako imekaa kikavu, niwekee nyota nyota pale mwisho kabla ya asante. Nikamwekea nyota arobaini zimeshikana, af ASANTE KARIBU TENA. Mteja akanunua debe, mama akabonyeza. Printa ikatoa risiti, ikatoa nyota, ikatoa ASANTE KARIBU TEN. Ten! A haipo. Af ikatoa tena nyota na ASANTE KARIBU TEN. Na tena. Karatasi inashuka mezani inafika sakafuni inaelekea mlangoni, mteja anacheka, mama anapiga kelele we mtoto ikimbize hiyo mashine, mi nabonyeza kila kitufe, mpaka nikachomoa waya.

Tafuteni kosa, lipo hapo ubaoni. Nyota 40 hazina nafasi tupu katikati. rfind ikitafuta isipopata haisemi sijapata, inarudisha -1. Sasa angalieni hiyo -1 inavyotembea. Kwenye Python maneno[:-1] ni kila kitu isipokuwa herufi ya mwisho, ndo maana A ya TENA ikaliwa. Na mstari unaofuata, kata+1, -1 ukijumlisha 1 ni sifuri, maneno kuanzia sifuri ni maneno yale yale yote. Hayakupungua hata herufi moja! Kwa hiyo bado yamezidi 32, zunguka tena, printi, hayajapungua, zunguka. Familia kubwa kuliko mtumbwi, mwenye mtumbwi kawaambia subirini unaofuata, na unaofuata nao ni wa watu 32 vile vile. Watasubiri mpaka kiyama.

Dawa ni kumwambia karani, kata ikiwa -1 basi usiwe na huruma, printi 32 za kwanza kama zilivyo, na maneno yaanzie 32. Yaanzie 32 nasema, siyo 33, maana pale huna nafasi tupu ya kuruka, ukiruka utakula nyota moja.

Wenye haraka, Python ina kitu kimeshatengenezwa kinaitwa textwrap, unaandika textwrap.fill ukaipa maneno na upana 32 kazi imekwisha, hata maneno marefu kupita kiasi inayakata yenyewe. Ila ina tabia moja, enta zako za zamani inazigeuza nafasi tupu, kwa hiyo risiti yako yenye bei kila moja na mstari wake inakuwa aya moja kama barua ya mapenzi. Ikate kwanza kwa splitlines, kila mstari uupitishe peke yake.

La mwisho, dakika moja, hili linatuhusu sisi wa Kiswahili kabisa. Neno ng'ambo. Hapa Kigoma utalikwepaje, nusu ya wateja wa yule mama wa dukani wapo ng'ambo ya ziwa. Ile alama kati ya ng na a ukiiandika kwenye simu ya kitochi inakuwa kijiti kilichonyooka. Ukikopi kutoka Word mara nyingi inakuja imepinda kidogo, macho hayaoni tofauti, ila ile iliyopinda kwenye UTF-8, mfumo wa kompyuta wa kuhifadhi herufi, inachukua baiti tatu, yaani vipande vitatu vya kumbukumbu, badala ya moja, kwa hiyo lupu inayohesabu baiti itakata mstari mapema, au mbaya zaidi itakata katikati ya alama yenyewe na printa itatoa madudu. Na kwenye SMS ndo balaa, meseji ya kawaida ni herufi 160, ukiingiza kale kaalama kalikopinda kamoja tu meseji nzima inahamia mfumo mwingine na kikomo kinashuka mpaka 70. Kama programu yako inatuma SMS kwa wateja, unaweza kulipia mbili badala ya moja kwa sababu ya ng'ambo. Badilisha alama kwanza, af ndo uhesabu.

Haya maswali. Mama yangu pale nyuma... jamani huyu ndo mama wa dagaa mwenyewe, kaja! Karibu mama.

"Mwanangu mi hayo ya baiti sijui, nauliza zile nyota zangu arobaini sasa zinaingia?"

Zinaingia mama, ila 32 zinakaa juu na nane zinashuka chini zinasimama pamoja na ASANTE, panakaa vibaya. Tupunguze ziwe 32, zijae mstari wao.

"Punguza. Na ile karatasi iliyoisha siku ile hujanilipa."

Nimekuja nayo mama, ipo kwenye begi.