Mbunge Wako Alipigaje Kura?

Wazee wangu, shikamoni. Kina mama, na nyinyi vijana mliokaa karibu na mlango mpate kutoka haraka, hamjambo.

Nianze na foleni. Shule zikifunguliwa Januari, pita asubuhi kwenye ofisi yoyote ya mbunge huku kwetu Pwani. Utawakuta kina mama wamekaa benchini tangu alfajiri, fomu ya basari mkononi, na barua ya chifu, na nakala ya kitambulisho. Mheshimiwa akitokea, kila mtu ana lake: karo, jeneza, paa la madrasa, nauli ya mgonjwa. Katika foleni ile sijapata kumsikia mtu akimuuliza, "Juzi ule mswada ulipofika, wewe ulisema ndiyo au la?"

Swali hilo ndilo lililonileta hapa leo.

Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 1 kabisa, inasema mamlaka yote ni ya watu wa Kenya, na tunaweza kuyatumia wenyewe au kupitia wawakilishi tuliowachagua. Sensa ya 2019 ilituhesabu zaidi ya milioni 47. Hatuenei kwenye ukumbi mmoja tukajadili kodi ya mafuta. Basi mamlaka hayo tunawaazima watu 349 kwa miaka 5: wabunge 290 wa maeneobunge, wanawake 47 wa kaunti, na 12 wanaoteuliwa na vyama. Spika ni wa 350, naye hapigi kura.

Tunaazima, jamani, hatutoi. Na tulichomwazima ni kura yetu mle ndani. Basari angeweza kuigawa mtu mwingine yeyote. Hazina ya maeneobunge (CDF), mfuko wa fedha za basari na miradi ya eneobunge, ilianza 2003, na tangu hapo tumemfanya mbunge kuwa mhasibu wa kijiji. Agosti 2022 Mahakama ya Juu ilisema sheria ya hazina hiyo ya 2013 inakwenda kinyume cha Katiba, kwa kuwa aliyetumwa kuisimamia serikali hawezi papo hapo kuwa ndiye anayetekeleza miradi. Lakini nenda kamwambie hayo mama mwenye fomu mkononi! Hata mimi ningepanga foleni.

Sasa tazameni kura yenyewe inavyopigwa. Spika anauliza: wanaokubali waseme ndiyo. Sauti zinapanda. Wanaokataa waseme la. Sauti zinapanda tena. Anasikiliza, anaamua upande upi umeshinda, na kazi imekwisha. Mambo mengi ya Bunge hupita hivyo. Sauti haina jina. Mbunge wako akirudi nyumbani Ijumaa anaweza kukuapia kwamba alipinga, na huna pa kumshika. Ni mpaka wabunge wa kutosha wasimame kudai kura ihesabiwe ndipo jina la kila mmoja linapoandikwa.

Juni 25, 2024 ilihesabiwa. Ulikuwa ule Mswada wa Fedha, wa kupandisha kodi. Wiki moja nyuma serikali ilikuwa imeshaiondoa kodi ya mkate na ile ya magari, lakini barabara zilikuwa zimejaa watu wakisema mswada wote uanguke. Waliosema ndiyo walikuwa 195. Waliokataa, 106. Saa hiyohiyo vijana wakaingia katika majengo ya Bunge, risasi zikalia, watu wakafa. Kesho yake Rais akatangaza hatautia saini.

Watu wanaizungumza siku ile kwa habari ya moto na risasi, na ni haki yao. Mimi nililoliona jipya ni dogo: orodha ya majina. Ilizunguka kwenye simu kabla jua halijatua, na watu waliokuwa hawajui hata jina kamili la mbunge wao wakawa wanalitafuta kwa kidole. Na tufanye hesabu kidogo. 195 na 106 ni 301. Viti 349. Karibu viti 50 havimo upande wowote. Hao hakuna aliyewapigia simu.

Mtu atasema: mbunge si tarishi, ana akili yake. Kweli. Ni mabishano ya zamani. Mwaka 1774 Edmund Burke, mbunge wa Bristol, Uingereza, aliwaambia wapiga kura wake kwamba wanamdai pia uamuzi wake, si bidii yake tu. Angalieni, aliwaambia baada ya kuchaguliwa! Mwaka 1780 aliona upepo umegeuka, akajitoa kwenye uchaguzi. Mimi sina ugomvi na mbunge anayekwenda kinyume nami, mradi aje aniambie kwa nini.

Kumwondoa kabla ya muda? Kifungu cha 104 cha Katiba kinatupa haki hiyo. Sheria ya uchaguzi ya 2011 ikadai saini za asilimia 30 ya wapiga kura wa eneobunge, tena baada ya miezi 24 ya mwanzo na kabla ya miezi 12 ya mwisho. Mwaka 2017 Mahakama Kuu ilibatilisha baadhi ya masharti yake. Mpaka leo hakuna mbunge hata mmoja aliyeondolewa kwa njia hiyo.

Na ushiriki wa umma, kifungu cha 118? Niliwahi kuitwa kwenye kikao kimoja, sitasema cha nani. Nakala ilikuwa moja, kwa Kiingereza, kurasa zaidi ya mia, nayo iko mkononi mwa mwenyekiti. Tulitia saini ya mahudhurio, tukanywa soda, tukaambiwa tumeshirikishwa. Nikaidai ile nakala niisome. Nikaambiwa, "Mzee, muda umekwisha."

Kwa hiyo leo nimekuja na nakala zangu. Majina ya Juni 25 yako pale mezani, waliosema ndiyo ukurasa wa kwanza, waliokataa wa pili. Usipomwona wako kwenye ukurasa wowote kati ya hizo mbili, niite tuzungumze. Haya, maswali. Wewe bibi wa leso ya kijani, umenyoosha mkono tangu zamani.