Si Kila "Kama" Ni Tashbihi

MWALIMU: Karibuni tena. Leo tuko kwenye ufahamu, pale swali linapodai utaje tamathali mbili za usemi, yaani mbinu za kupamba lugha, na mifano yake, na mwanafunzi anaanza kuwinda neno "kama".

DADA: Usiwacheke, mwalimu! Nami nilifundishwa hivyohivyo. Ukiona "kama", "mithili ya" au "mfano wa", andika tashibiha, songa mbele.

MWALIMU: Wasikilizaji wa Kenya msishangae, dada ni Mtanzania. Kwetu mfananisho huo ni tashbihi.

DADA: Na chuku yenu, ile ya kukuza jambo kupita kiasi, kwetu ni mubalagha. Tusigombane, watu wana mtihani.

MWALIMU: Haya, nimetunga kifungu kidogo jana usiku. Tusomee.

DADA: (anasoma) "Kama saa kumi na mbili jioni, jua alikunja mkeka wake akaaga. Kijiji kikanyamaza ji. Mzee aliyekula chumvi nyingi alikaa barazani, uso wake mlango uliotiwa komeo. Mjukuu akaja mbio na kikapu, akajikwaa, akaanguka pu. 'Hongera, umeniletea mayai mazima kabisa!' alisema mzee, akitazama ute unavyotiririka sakafuni."

MWALIMU: Kuna tashbihi hapo?

DADA: Ipo, mwanzoni kabisa. "Kama saa kumi na..." Aa, ngoja. Hiyo ni takriban.

MWALIMU: Umeona? Inakadiria tu. Kuna "kama" ya masharti, "kama hutaki, sema". Kuna ya kutoa mifano, "matunda kama maembe na mapera". Hata ukisema Ali ni mrefu kama kaka yake, umepima urefu basi. Ukisema ni mrefu kama mnazi, hapo umefananisha: mtu na mti, vitu vya jinsi mbili, vimekutana kwenye sifa moja.

DADA: Sasa hili jua lako. Nilidhani umekosea sarufi. Si jua *lilikunja*?

MWALIMU: Nimekosea kusudi. Jua liko ngeli ya LI-YA. Nikilipa kiambishi a- cha A-WA, ngeli ya watu na wanyama, nimelipandisha, limekuwa mtu. Ni tashihisi. Hata ningeandika "lilikunja mkeka" ingebaki tashihisi, maana jua halina mkeka, ila hiyo a- inakuvuta shati usipite. Kwenye hadithi za sungura na fisi haikusaidii, wao wako A-WA siku zote. Huko tazama wanafanya nini: wanakopeshana, wanaoana, wanapelekana kwa hakimu.

DADA: Na "njaa inaniuma"? Njaa haina meno.

MWALIMU: Haina, lakini ungesemaje vingine? Tumeusema mpaka picha imefutika. Mimi kwenye mtihani nisingeuandika. Ila "Njaa alibisha hodi kwa jirani", huo naukimbilia.

DADA: Uso kuwa mlango ni sitiari, kufananisha bila "kama", hilo halina shida. "Ji" na "pu" ni tanakali za sauti. Lakini mwalimu, ukimya una sauti gani?

MWALIMU: (anacheka) Jina ndilo linalotuponza. "Pu" ya kuanguka unaisikia. "Ji", au "pe" ya nyeupe pe, huisikii kwa sikio, na bado tunaziweka kapu moja. Wengine huziita viigizi, jina ninalolipenda zaidi.

DADA: Iliyonitesa ni ile "hongera". Hakuna neno hata moja la kukuashiria.

MWALIMU: Hakuna. Ukifunika ule ute kwa kidole, mzee anasifu kweli. Ukiondoa kidole, ni kinaya. Ndiyo maana anayesoma sentensi mojamoja akitafuta alama huikosa kila mara.

DADA: Mimi ningeandika kejeli.

MWALIMU: Amesema kinyume cha anachokiona, hicho ni kinaya. Na kwa kuwa maneno yanamchoma mtoto, kejeli nayo imo. Andika mojawapo, lakini nukuu maneno ya mzee. Jina la tamathali bila mfano ni kujinyima alama.

DADA: Bado "kula chumvi nyingi". Nahau, ameishi miaka mingi. Nilimsomea mpwa wangu wa darasa la nne kifungu chako asubuhi, akaniuliza, "Shangazi, ndiyo maana babu ana presha?"

MWALIMU: (anacheka) Huyo mpe alama zake.