Kipokezi gani kinalegeza njia ya hewa? Jaribio la pete ya trakea

Karibuni tena. Leo mezani nina trakea, yaani bomba kuu la hewa, ya simbilisi, na kibali cha maadili ya utafiti ninacho. Bila kibali, usianze. Tunataka kujua isoprenalini, dawa inayofanana na adrenalini, inapolegeza misuli ya trakea inapitia kipokezi gani (protini ya seli inayonasa dawa), beta-1 au beta-2.

Safisha mafuta ya nje, kisha kata pete nyembamba. Sogea uone: gegedu haizunguki yote, nyuma ina pengo. Ule ukanda laini unaoziba pengo ndio misuli yenyewe. Usiuguse kwa kibano, shika gegedu tu.

Ning'iniza pete kwa kulabu mbili ndani ya maji ya Krebs (maji yenye chumvi na sukari ya kuweka tishu hai), nyuzi joto 37, yakipulizwa oksijeni asilimia 95 na kaboni dioksidi asilimia 5. Ivute kwa gramu 1, iache saa nzima, ukibadilisha maji kila dakika 15. Weka na indometasini, dawa inayozuia prostaglandini zisitengenezwe, maana trakea ya simbilisi hutengeneza kemikali hizo yenyewe na kujikaza.

Sasa ikaze kwa karbakoli, dawa inayobana misuli hii. Hapa ndipo wengi wanapoharibu, wanamimina nyingi mno. Misuli iliyokazwa kupita kiasi haikubali kulegea, halafu unadhani isoprenalini ni dhaifu. Mimi huishia karibu nusu ya mkazo wa juu kabisa.

Mstari unaoonyesha mkazo wa pete ukitulia, ongeza isoprenalini kidogo kidogo kuanzia nanomola 1, bila kusuuza katikati. Unaona mstari unavyoshuka ngazi kwa ngazi? Dawa ikigeuka rangi ya waridi, imwage, imeshaoksidika.

Ila kulegea peke yake hakukuambii kipokezi. Chukua pete tatu mpya. Moja iloweke dakika 30 kwenye ICI 118,551, inayozuia beta-2. Ya pili kwenye CGP 20712A, inayozuia beta-1. Ya tatu iache bila kizuizi. Zikaze zote, rudia dozi zilezile. Mchoro wa dozi dhidi ya kulegea ukihamia kulia lakini ukafika kiwango kilekile cha kulegea, kizuizi na isoprenalini vinagombea kipokezi kimoja.

Kwa simbilisi beta-2 inatawala, lakini beta-1 nayo imo, na ndiyo inayoitikia noradrenalini, kemikali ya ujumbe itokayo kwenye neva. Kwa binadamu kazi hii ni ya beta-2, ndiyo maana mgonjwa wa pumu huvuta salbutamoli, dawa inayoamsha beta-2.

Ukitaka kujaribu prostaglandini E2 pia, badilisha vizuizi kabisa: trakea ya simbilisi hulegea kupitia EP2, ya binadamu kupitia EP4, ambavyo ni vipokezi vya prostaglandini hiyo.