Chokoleti ya Uswisi na Kokoa Isiyohesabiwa

Wazee wangu, shikamooni. Ndugu zangu wote, habari za jioni, na asanteni kwa kuja.

Mlangoni kila mmoja wenu amepewa vitu viwili: kipande cha chokoleti ya Uswisi, na punje ya kokoa ya Kyela iliyokaangwa jana na mama mmoja ambaye tunaye humu ukumbini. Naomba msile kwanza. Tutakula pamoja.

Uswisi haina shamba la kokoa. Baridi yake hairuhusu. Hata hivyo ukitaja chokoleti, watu wanaitikia Uswisi. Jina hilo halikushuka kutoka mbinguni. Lilitafutwa na mafundi, na waliyoyafanya yanastahili heshima yetu.

Mwaka 1819 François-Louis Cailler alifungua kiwanda karibu na mji wa Vevey, kando ya Ziwa Geneva. Mwaka 1826 Philippe Suchard akaanzisha chake Serrières, pembeni ya Neuchâtel, akisaga kwa nguvu ya maji ya mto. Walikuwa wachapakazi, lakini chokoleti ya wakati ule ilikuwa nyeusi, chungu na ya chengachenga. Waitaliano na Wafaransa nao walikuwa nayo.

Jambo jipya lililetwa na mtu wa mishumaa. Daniel Peter alikuwa akitengeneza mishumaa hapo Vevey, na taa za mafuta ya taa zikaanza kumnyang'anya wateja. Akamwoa Fanny, binti wa Cailler, akaingia kwenye chokoleti kwa mlango wa ukweni. Akaangalia milima iliyomzunguka, ng'ombe kila upande, akawaza: kwa nini tusitie maziwa?

Hapo ndipo kazi ilipoanza. Kama umewahi kuyeyusha chokoleti jikoni unajua kisa cha tone la maji: likidondokea tu, chokoleti yote inakakamaa na kushikana kama udongo. Sasa, maziwa karibu yote ni maji. Ukiyamimina kwenye chokoleti umeiharibu papo hapo. Na hata ukifanikiwa kuchanganya, maji yakibaki ndani, baada ya wiki chache inaota ukungu na mafuta yanachacha. Peter alihangaika na tatizo hilo kwa miaka. Kwa bahati njema jirani yake alikuwa Henri Nestlé, aliyeshughulika na chakula cha watoto cha unga na maziwa, na katika miaka hiyo maziwa mazito, yaliyokwisha kupunguzwa maji, yalianza kupatikana. Mwaka 1875 Peter akapata njia. Baadaye akaiita chokoleti yake Gala Peter, na "gala" kwa Kigiriki ni maziwa. Binafsi namwona Peter kuwa mkubwa kuliko wote nitakaowataja leo, kwa sababu alishindwa mara nyingi na hakurudi kwenye mishumaa.

Mwingine ni Rodolphe Lindt wa Bern, mtoto wa mfamasia. Mwaka 1879 aliunda mashine yenye umbo la kombe la pwani, ndiyo maana ikaitwa konche. Ndani yake jiwe zito linakwenda na kurudi, linasugua chokoleti ya moto kwa saa nyingi mno, hata siku tatu. Wenyewe husimulia kwamba aliisahau ikiwaka tangu Ijumaa mpaka Jumatatu. Huenda ni hadithi tu, lakini mashine inafanya kazi kweli. Kila chembe inapakwa siagi ya kokoa, yaani mafuta ya punje yenyewe, unyevu unatoka, na asidi ya siki iliyokuwa ndani ya punje inaruka hewani pamoja na mvuke. Mwaka 1899 Lindt aliwauzia akina Sprüngli wa Zürich kiwanda na siri yake kwa faranga za dhahabu milioni 1.5.

Sasa chukueni kipande chenu. Kiwekeni juu ya ulimi, msitafune. Subirini. Siagi ya kokoa huyeyuka kwa joto la mwili wetu. Mnasikia kama kuna mchanga? Hakuna. Huo ndio uvumbuzi wa Lindt, uko mdomoni mwenu.

Waswisi wameishi na kitu hiki mpaka kikawa mila. Mtoto hupewa mkate na kipande cha chokoleti jioni, mpanda mlima hakiachi nyumbani. Ila desturi ninayoipenda ni ya Geneva, kila Desemba. Usiku wa tarehe 11 kuamkia 12 Desemba 1602, askari wa utawala jirani wa Savoy walipanda kuta za mji kwa ngazi. Inasimuliwa kwamba mama mmoja, Mère Royaume, aliwamwagia sufuria ya supu ya moto kutoka dirishani. Mpaka leo wanauza vyungu vya chokoleti vilivyojaa mboga ndogondogo za lozi na sukari, na nyumbani mkubwa kuliko wote na mdogo kuliko wote wanakivunja pamoja. Mama wa jikoni anakumbukwa kwa miaka 400!

Mwaka 2017 Uswisi ilianza kutumia sheria kali juu ya jina lake. Bidhaa ya maziwa ikitaka kujiita ya Uswisi, maziwa yote yawe ya huko. Chokoleti ya Toblerone, iliyozaliwa Bern mwaka 1908, ilipohamishia sehemu ya utengenezaji Slovakia, mwaka 2023 ilibidi iondoe picha ya Matterhorn, mlima wa Uswisi, kwenye kasha lake. Wanalinda jina lao, na wana haki. Lakini wanapohesabu ni sehemu gani ya malighafi lazima itoke Uswisi, zao lisiloota huko haliingizwi. Yaani kokoa, ambayo bila yenyewe hakuna chokoleti, haimo. Hilo linaniuma.

Inasemekana mwaka uleule wa 1879, Lindt alipounda konche, Mwafrika mmoja, Tetteh Quarshie, alirudi kwao Gold Coast, Ghana ya leo, na mbegu za kokoa kutoka kisiwa cha Fernando Po. Mwaka mmoja, mafundi wawili. Nasema mafundi kwa sababu mkulima wa kokoa hachumi tu. Punje mbichi haina ladha ya chokoleti kabisa. Inabidi ivundikwe siku tano au sita, igeuzwe, ipate joto, ndipo ianikwe. Isipovundikwa vizuri, konche isugue mwezi mzima, ladha haitakuja.

Menyeni punje. Itafuneni taratibu. Uchachu mnaousikia ndio ile asidi ambayo konche huifukuza. Nyuma yake kuna kitu kama tunda kavu. Hicho kimetengenezwa Kyela, kwenye sanduku la mbao, chini ya majani ya migomba.

Mama, tafadhali pokea kipaza sauti, waeleze unajuaje kwamba zimeiva.